Barafu Ukutani

Tak!

Gracjan aliusikia mlio huo akiwa chali chini ya gari, mikono imejaa grisi. Ulikuwa mkavu kama wa mfupa unaovunjika. Alijiburura akatoka, akakagua jeki, akakagua injini. Vyote vizima. Ndipo alipoinua macho akauona: ufa mwembamba kama unywele, umeshuka kutoka paani hadi dirishani, kwenye ukuta ambao marehemu baba yake aliujenga tofali kwa tofali.

Nje, kijiji chao karibu na mji wa Suwałki kilikuwa kimefunikwa gubigubi na theluji ya Januari. Ndani ya gereji, jiko la pipa la chuma lilinguruma, limewiva jekundu. Gracjan alilitengeneza mwenyewe, akajivuna nalo kama jogoo juu ya jaa. Bila moto ule, spana iliyoganda kwa baridi ingemng'oa ngozi ya viganja. Naye hakuwa na budi kuishika spana. Figo za mama yake, Leokadia, zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali ya mjini kusafishwa damu. Aliyempeleka ni jirani yao, Zenobiusz, lakini Jumatatu mzee huyo angesafiri kwenda Ujerumani kumwona mjukuu wake wa kwanza. Kabla ya siku hiyo, gari la Gracjan lilipaswa kutembea.

Leokadia aliingia na bakuli la supu ya bitiruti, akasimama ghafla.

"Mwanangu, mbona ukuta unalia?"

"Ni matone tu, mama."

"Moto wako unayeyusha theluji ya paa, maji yanaingia humo. Usiku jiko likizimika yataganda, yatavimba. Fagia paa, uzibe ufa kwa lami. Ni kazi ya saa moja."

"Saa hiyo naitaka kwa giaboksi. Ukuta wa baba ushindwe na matone?"

"Juzi nilisahau barazani mtungi wa kioo wenye matango ya maji ya chumvi. Asubuhi nikaukuta vipande vipande."

"Mtungi ni kioo, mama. Ukuta ni ukuta."

"Haya, fundi wa mafundi! Kunywa supu yako kabla nayo haijawa jiwe."

Gracjan alicheka. Ufa ulipofikia unene wa kidole, akausokomezea tambara ili joto lisitoroke, kisha akaongeza kuni. Mchana jiko lilinguruma na maji yakatiririka. Usiku jiko likafa na maji yakaganda. Jumamosi jioni giaboksi ilirudi mahali pake, zikabaki boliti chache. Akalala usingizi wa mshindi.

Jumapili asubuhi alifungua mlango, akaganda yeye pia.

Ukuta ulikuwa chini. Matofali yalikuwa yamelilalia gari, boneti imebonyea, rejeta imepasuka. Na pale palipokuwa na ufa, kwenye ukingo wa matofali yaliyosalia, lilisimama bamba la barafu refu kuliko mtu, angavu kuliko kioo, tambara limenaswa ndani yake kama mdudu. Jua lilipenya humo likamwaga mwanga wa buluu juu ya magofu. Maji yale yale aliyokuwa akiyafuta kwa kiganja! Bila nyundo, bila kelele, yameubwaga ukuta wa baba yake. Gracjan alivua kofia kama aliyeingia kanisani.

"Yesu na Maria!" Zenobiusz alimaka nyuma yake. Leokadia alikuwa naye, amejifunga shali.

"Mzee, tuujenge leo," Gracjan alisihi.

"Leo? Kwa baridi hii saruji itaganda kabla ya kushika. Subiri Aprili, kijana."

"Na mama kesho?"

Zenobiusz aliyatazama matofali, kisha akamtazama Leokadia.

"Mjukuu atanisubiri," alisema. "Damu haisubiri."

"Mama, nisamehe," Gracjan alisema.

"Si mimi ninayekosa kumwona mjukuu," Leokadia alijibu.

Maneno hayo yalimchoma kuliko baridi. Machozi yaliganda kwenye kope zake. Akaushika mkono wa jirani yake kwa mikono yote miwili.

"Mzee Zenobiusz, nakuahidi mbele ya mama: ukuta huu nitausimamisha, gari nitaliwasha, na katika safari yake ya kwanza nitakupeleka mimi mwenyewe hadi mlangoni kwa mjukuu wako. Na maadamu ni hai, sitasubiri tena kuonyeshwa kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta."