Mapazia ya Zawena

Zawena alipopanga chumba chake cha kwanza, mshahara wote uliishia kwenye kodi. Dirisha lilitazama barabarani, na kila mpita njia alimwona akila ugali sakafuni. Akamwomba mwenye nyumba, Mzee Kimbau, aliyekuwa akigombea uenyekiti wa mtaa, amsaidie mapazia.

"Tundika chochote ulicho nacho," alisema mzee. "Hata gunia."

Kesho yake asubuhi mzee alikuja mbio, kofia mkononi. Dirishani zilining'inia khanga mbili zenye sura ya mpinzani wake, anatabasamu meno yote nje.

"Binti, unaniua! Mtaa mzima unanicheka!"

"Shikamoo, mzee. Si ulisema chochote?"

Kabla ya adhuhuri Mzee Kimbau alileta mapazia mazito ya maua, akayatundika mwenyewe.

"Na huyo bwana," aliuliza akihema, "amekuahidi nini kingine?"

Zawena akainamisha macho. "Naona haya kusema, mzee. Unaona mwenyewe sina hata kochi."

Kochi liliingia jioni ile, limebebwa na wapambe wanne. Zawena akajilaza juu yake, akacheka mpaka machozi. Yule mpinzani hakumjua hata kwa jina. Khanga alizirusha mkutanoni, na Zawena akadaka mbili.