Uji Kwenye Ukurasa wa Arobaini na Moja

Sogeeni mbele, viti vya mbele havina miiba. Na wewe baba uliyeshika Biblia ya zipu, leo utaifungua, nakuonya mapema. Mimi shule niliiacha darasa la sita, niliona inanichelewesha, lakini mfano wa leo hata wenye digrii watauomba niwaazime.

Palikuwa na mzee mmoja aliyekaa karibu na kivuko cha mto, na mzee huyo alikuwa na kitabu. Si kitabu cha kuokota gulioni. Kilikuwa habari za maisha ya mzungu mmoja wa enzi za ukoloni, mwindaji na mpasua mapori, ambaye watu wa pale walimwita Bwana Tarumbeta, kwa kuwa alipuliza tarumbeta kabla ya kula, kabla ya kulala na kabla ya kuvuka maji. Kiliandikwa mapema, mwenyewe akiwa bado hai, na nakala zilikuwa chache hata ikajulikana kwamba nchi nzima imebaki hiyo moja. Ndani mna picha: Bwana Tarumbeta na masharubu yake, na nyuma yake kijana amembebea bunduki. Kijana huyo ndiye babu wa mzee wetu.

Basi tena, nani angemwambia kitu? Harusini anakaa mbele. Matangani anakaa mbele. Anakifungua kitabu penye picha, watu wanatazama, anakifunga, kisha anasimulia jinsi babu yake alivyomkabili nyati pale kivukoni na kumwokoa mzungu. Yote yamo humu, anasema, huku akipiga jalada kwa kidole. Na palikuwa na mama mmoja, mjukuu wa mpishi wa msafara uleule wa mzungu. Huyo alikaa nyuma kwenye majamvi, akimenya viazi vya shughuli. Mzee hakuacha kumchokoza: "Babu yangu anapambana, babu yako anakoroga uji." Watu wanacheka, na mama anacheka nao.

Sasa serikali ikajenga daraja pale kivukoni. Afisa utamaduni akaleta ujumbe kwamba daraja litapewa jina la shujaa aliyemzuia nyati, naye atakuja Alhamisi kukisoma kitabu kwa macho yake. Mnaona? Jina la babu kwenye zege! Moyo wa mzee ulidunda kama wa kijana aliyekubaliwa posa. Jumatano asubuhi akaketi atafute ukurasa wenyewe, auwekee alama.

Akakuta kurasa hazifunguki. Vitabu vingine vya zamani vilitoka kiwandani kurasa zimeshikana ukingoni, msomaji anazipasua mwenyewe. Miaka yote hiyo babu, baba, yeye, ukoo mzima, hakuna aliyepasua hata moja. Walikuwa wanasoma picha! Akatwaa wembe, akapasua, akasonga na Kiingereza chake cha ukarani mpaka ukurasa wa arobaini na moja. Nyati kweli yumo. Ila kijana wa bunduki aliitupa bunduki akapanda mti, na Bwana Tarumbeta akapanda nyuma yake, akimsukuma matako apande upesi. Aliyebaki chini ni mpishi. Aliinua sufuria ya uji uliokuwa unachemka akammwagia nyati usoni, nyati akageuka akakimbilia mtoni.

Mzee akahisi kiti kinazama. Wewe ungefanyaje? Usinijibu, nakujua. Mzee alikoroga unga wa muhogo kwenye kikopo, akaupaka ukingoni mwa kurasa zile, akazibana chini ya jiwe la kusagia. Hesabu yake ilikuwa hii: afisa akizikuta zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani, ataogopa kupasua kitabu adimu. Atatazama picha, atakunywa chai, ataandika jina.

Alhamisi watu wakajaa. Afisa akakishika kitabu kama kichanga. Akaona kurasa zimefungwa, akasema kweli yeye hathubutu kuzipasua. Mzee akaanza kupumua. Ndipo sisimizi mmoja akachungulia kutoka ukurasa wa arobaini. Wa pili akamfuata. Mara kikosi kizima kinashuka jalada. Afisa akagusa ukingo, akanusa kidole.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "kitabu hiki kilichapwa kabla babu yangu hajaoa. Mbona uji wake bado mbichi?"

Yule mama wa majamvini alikuwa ndiyo kwanza anafika na sinia ya chai. Akainama, akagusa naye, akausugua kati ya vidole.

"Kaka, umekorogea maji baridi," akasema. "Una madonge. Ungeniita tu, kwetu ndiyo kazi."

Mama hakujua kilichoandikwa mle. Alisema uji na alimaanisha uji. Lakini mzee alikijua, na maneno yale yalimwingia pale pale pabichi. Alikitazama kiti chake cha mbele. Kisha akamwomba mama kisu chake cha kumenyea viazi, akaupasua ukurasa kwa mkono wake, akausoma kwa sauti, kwa Kiswahili, mpaka penye mti, mpaka penye sufuria. Alipomaliza akainuka, akampa mama kiti. Lile sasa ni Daraja la Mpishi, na anayewasimulia wageni kwa nini ni mzee yuleyule, ameketi jamvini.

Haya, sasa sisi. Tumekaa viti vya mbele kwa kitabu gani, kama si hiki tunachokionyesha jalada? Aya ya baraka tumeipigia mstari mwekundu, tumeibandika mpaka kwenye bodaboda. Ile ya kumsamehe shemeji yako je? Imeshikana. Ile ya kutomdharau anayekupikia? Madonge matupu. Kurasa ambazo hujawahi kuzifungua, leo tutazipasua pamoja. Ila zile ulizokwisha kuzisoma, zikakusema, ukazipaka uji mwenyewe, hizo ndizo nimezifuata hapa.

Usimgeukie jirani yako. Nusa vidole vyako.