Mzinga wa Hewa wa Gharibu

Wapo watu wanaoona kuuliza ni sawa na kuvuliwa nguo hadharani. Gharibu, mkulima wa mpunga wa Mohoro, alikuwa mmoja wao mpaka mwaka ule kwelea kwelea walipolivamia shamba lake.

Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa. Ndege walitua makundi kwa makundi, na mkewe, Salama, alishinda juu ya dungu akipiga debe na kupiga kelele hadi sauti ikamkauka. Wakifukuzwa huku, walitua kule. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa kikiliwa mbele ya macho yao.

Ndipo Gharibu alipoona kwenye simu mzinga unaotumia hewa tu: unashindiliwa upepo, koki inafunguliwa ghafla, nao unalia kama radi.

"Huu nitautengeneza mwenyewe," alisema, ingawa maishani mwake hakuwahi kuunda hata kigoda.

Alinunua bomba la plastiki la maji machafu, akaliziba mwisho kwa gundi, akafunga koki, akaanza kulijaza kwa pampu ya baiskeli.

"Baba Yasmin, umemuuliza mtu kama bomba hilo litahimili?" Salama alisema kutoka jikoni.

"Nimuulize nani? Hewa ni hewa tu."

Hajafunga kinywa, kizibo kikafyatuka, kikampita Salama sikioni na kutoboa ukuta wa makuti. Gharibu alitupa pampu akamkimbilia.

"Mzima mimi," Salama alisema, mkono kifuani. "Lakini kesho nenda Kibiti kwa Bwanaheri."

Bwanaheri alikuwa fundi wa matairi ya malori. Gharibu aliwahi kumkejeli mbele za watu kwa kumwita "mjaza upepo", na tangu hapo hawakusalimiana.

"Akinicheka je?"

"Akucheke. Kicheko hakitoboi ukuta."

Kesho yake Gharibu alisimama mbele ya kibanda cha Bwanaheri, kamasi jembamba likimtoka.

"Asalaam aleikum. Bwanaheri, nimekuja kuuliza. Kwa kweli sijui kitu."

Bwanaheri akamsogezea benchi.

"Waaleikumu salaam. Keti. Hata mimi nilijidai najua, mpaka rimu ya gurudumu iliponirukia." Alimwonyesha kovu juu ya jicho. "Upepo ulioshindiliwa ni fahali, humfungi kwa uzi. Bomba lako ni la kupitisha maji, si la kuzuia upepo."

Alimtafutia mtungi wa chuma unaotunza upepo wa breki za lori, wenye geji ya kuupimia na vali ya kupunguza upepo ukizidi. Waliufunga koki, wakaujaribu kwanza kwa maji, wakaona hauvuji, ndipo akamfundisha kuujaza na wapi pa kukomea.

"Lile jina nililokuita..." Gharibu alianza.

"Mjaza upepo? Si ndiyo kazi yangu!"

Wakacheka wote wawili mpaka wateja wakageuka.

Asubuhi iliyofuata Gharibu alifungua koki pembeni mwa shamba. Puu! Kwelea kwelea waliinuka kwa pamoja, wakaishia ng'ambo ya mto. Walipojaribu kurudi, mzinga uliwapokea. Msimu huo Salama alivuna, akapika wali mpya, na Bwanaheri akaalikwa kuula.

Majirani nao walianza kuja na maswali yao. Gharibu aliwajibu kwa subira, na pale asipojua alisema wazi, "Hapo twende tukamuulize Bwanaheri." Hakuona haya tena, kwani alikwisha kuonja ukweli wa wahenga: kuuliza si ujinga.