Goli la Mama Kindi

Hapo zamani za kale, lakini kale ya juzijuzi, wanyama wakiwa na simu tayari, msitu mzima ulikuwa na mnara mmoja tu. Na mnara wenyewe mchovu! Mawimbi yake kama njia ya panya: wakipita wanene wawili, wa tatu anakwama.

Sasa mchana mmoja nge akamdunga Chipuka, mtoto wa Kindi. Mguu ukavimba, puu! Mtoto jasho, mtoto kutetemeka. Daktari ni Korongo, yuko ng'ambo, na mto umefurika. Mama Kindi akaandika: "Nge kamdunga mwanangu, njoo." Akatuma.

Kiduara cha kutuma kikazunguka. Kikazunguka. Kikazunguka.

Wanene walioziba njia anawajua. Akachomoka mbio hadi kwa Tembo. Kamkuta kibarazani, simu kaiegemeza kwenye sufuria, mechi imekolea.

"Shikamoo mzee. Naomba uzime kidogo tu, mtoto..."

"Marahaba. Nizime dakika ya themanini? Kamwambie Kiboko!"

Mbio kwa Kiboko. Naye yumo dimbwini, mechi ileile.

"Jirani, mwanangu anakufa! Zima kidogo!"

"Tembo kazima?"

"Bado."

"Basi na mimi bado. Halafu we mama, kameseji kenyewe kadogo hivyo, kanashindwaje kupita?"

Kindi akarudi nyumbani. Chipuka anaita, "Mama, sikuoni vizuri." Kiduara kinazunguka tu.

Hapo akakumbuka kitu. Wale wawili, wanachokichukia kuliko njaa ni jirani kuona goli kabla yao. Wakisikia kelele za goli na kwao bado, wanajua simu imechelewa. Wanazima, wanawasha.

Akapanda mti ulio katikati ya nyumba zao, mpaka kileleni.

"GOOOOLI! Goli hilooo!"

"Eti nini?" Kiboko akaruka, chubwi! "Mbona mie sijaona? Simu gani hii!" Tii! Akazima.

Lakini Tembo wapi! Kakodoa macho tu. Kiboko akiwasha kabla Tembo hajazima, basi tena. Kindi akapaza zaidi:

"Mama weee! Kipa kapigwa tobo, mpira katikati ya miguu! Analia!"

"Tobo?" Tembo akanguruma. "Na mimi sijaliona?" Tii!

Njia ikawa wazi, kama muda wa kupiga chafya moja. Simu ya Kindi ikalia: pii! Ujumbe umeenda.

Mechi ikaendelea mpaka filimbi ya mwisho. Bila bila. Hakuna goli!

Wakaja wote wawili, ardhi tititi! "Goli liko wapi, muongo wewe?"

Wakamkuta Korongo ameinama, anachomoa sindano ya dawa. Chipuka kafumbua macho.

"Ningechelewa kidogo," Korongo akasema, "mngekuja msibani."

Tembo akaitazama simu yake. "Sasa... nilizima kidogo tu, mbona mechi yangu sikuikosa?"

"Sikuitaka mechi yako, mzee," Kindi akajibu. "Nilitaka upenyo, ujumbe upite."

Ndiyo hivyo wadogo zangu: njia ya wote, mnene asiijaze, maana kuna mdogo anayehitaji upenyo tu, na anauhitaji sasa hivi.