Likizo ya Mmoja

Sogeeni, nina kesi iliyonishinda. Labda nyinyi mtaiweza.

Katika benki moja ya damu walikuwapo watu watatu, wote hoi kwa kazi. Zuwena alijua kuiandikia kompyuta maagizo. Kiangi alijua habari za kila chupa ya damu. Tausi alikuwa na jicho la kuona kosa pale wenzake walipoona sawa.

Chupa zilikuwa tele, na damu huharibika. Lakini hazikuruhusiwa kwenda hospitali mpaka mashine ya makao makuu ipokee faili la XML, yaani orodha iliyoandikwa kwa mpangilio ambao kompyuta huusoma, ambamo kila chupa ina kasha lake la maandishi, na kila kasha lina vibandiko vyake. Mkuu wao, Daktari Shemdoe, akaahidi kwamba faili likipokelewa, mmoja wao, yule ambaye kazi yake imelipitisha, atapata likizo ya wiki nzima. Zuwena akamkumbuka mwanawe anayelelewa na bibi yake huko Korogwe; mtoto huyo siku hizi humwita Zuwena shangazi. Iliuma.

Zuwena akaandika skripti, yaani maagizo ya kompyuta: kwa kila chupa, fungua kasha, kisha lifunge. Makasha yakajipanga, ila bila vibandiko. Mashine ikayakataa.

Kiangi akaongeza mistari yake: kundi la damu, kituo, saa ilipotolewa. Vibandiko vikakaa. Mashine ikakataa tena, ikidai damu yote ilitolewa usiku, vituo vikiwa vimefungwa.

Tausi akatazama, akapiga miayo, akatazama tena.

“Jamani, tumeandika saa mbili yetu ya asubuhi,” akasema. “Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane.”

Akaongeza mstari wa kusogeza kila saa mbele kwa saa sita. Faili likapita, gari la damu likaondoka.

Hapo ndipo lilipoanza swali la nani apewe likizo. Kiangi alisema kasha lisilo na kibandiko halina faida. Tausi akauliza faida ya kibandiko cha uongo. Zuwena akauliza wangebandika wapi. Hawakugombana, hata nguvu ya kugombana hawakuwa nayo. Daktari Shemdoe akaiweka karatasi ya likizo mezani, akawaachia waamue wenyewe.

Simu ya Zuwena ikaita, akapokea, na wote wakamsikia mwanawe: “Shangazi, unakuja lini?”

Kiangi akainamisha kichwa. Tausi akatazama sakafu. Zuwena aliitaka karatasi ile kuliko kitu chochote, lakini hakuigusa, maana ahadi ilikuwa ya kazi, si ya huzuni.

Haya, wewe uliyelala ukashiba usingizi: karatasi ile ungempa nani?