Ukindu Haukunjwi Mkavu

Ukindu haukunjwi mkavu, wala hausukwi majini.

Mama ameisema mara mbili tangu jana, ninyi mmebaki mmekodoa macho kama kuku aliyeoneshwa kioo. Jana jioni alisema nusu ya kwanza, alipoichukua simu mkononi mwa Imakulata, maana Imakulata alikuwa analia huku anamwandikia rafiki yake Editruda matusi marefu kuliko mtihani wa Historia. Leo asubuhi akaongeza nusu ya pili, Imakulata alipojifunika shuka na kutangaza kwamba haendi tena shule, haendi kwaya, wala hapiti njia ya kwa kina Editruda mpaka Yesu arudi. Na wewe Prosper unacheka nini? Wewe ndiye uliyeniuliza methali inatoka wapi.

Haya. Methali hii haikushuka na mvua, wala hamtaikuta kwenye kitabu cha darasa la sita. Ilianzia kwenye beseni, uani kwa Bibi Leokadia, na aliyetumbukiza uso humo ni Mama. Nimemwomba ruhusa. Amesema nisimulie, ila nisiongeze chumvi. Yuko jikoni anatwanga karanga. Mkisikia mchi umenyamaza, jueni nimezidisha.

Ninyi mnamjua Mama huyu wa sasa, anayepuliza chai mara tatu kabla ya kuwagombeza. Mimi nilimkuta mwingine. Watu wengi huzuni huwajia kwa kupiga hodi. Kwake yeye iliingia na mlango mkononi. Mtu akichelewa kumwitikia salamu, siku nzima imeharibika. Akisifiwa, anapaa. Akikosolewa, anaona dunia yote imemgeukia. Na hakuwa anaigiza, sikilizeni vizuri hapo. Maumivu yalikuwa maumivu kweli.

Baba yangu mzazi alikuwa amekwisha kufariki, na baba yenu alikuwa bado hajafika mji huu. Tuliishi mimi na Mama kwa shangazi yake, Bibi Leokadia, aliyekuwa kiongozi wa kina mama wasuka mikeka. Siku moja wakimalizia mkeka wa bibi harusi, mwenzao mmoja akamtania Mama kwamba upindo wake umekwenda kombo kama njia ya mlevi. Utani wa kawaida, wenzake wakacheka. Mama akachukua kisu cha kuchania ukindu, yale majani ya mkindu ya kusukia, akaukatakata mkeka wote, kazi ya wiki saba. Kisha akaingia ndani akajiumiza mwenyewe.

Mmesikia? Mchi umenyamaza.

Basi, hapo sitaongeza neno. Haya, umeanza tena.

Mama akalazwa hospitali ya misheni. Bibi Rozina, mama yake baba yangu, akaja kunichukua. Alinikuta chini ya kitanda, gauni limelowa mkojo, sitaki kutoka. Nilikuwa na miaka mitano. Alinibeba mgongoni hadi kijijini kwake na kusema sitarudi pale mpaka aone kwa macho yake kwamba mama yangu anaweza kukaa na mtoto. Hakuwa mbaya Bibi Rozina. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

Majirani walikuwa na majibu tele. Huyu akasema karogwa. Yule akasema ni kiburi, achapwe. Mwingine akasema aachwe tu, asiguswe, kila anachotaka apewe. Muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, Skolastika jina lake, mwanamke mfupi mwenye sauti kama ya kondakta, ndiye aliyemwambia Mama jambo jipya.

“Desideria, huna kiburi. Una moyo unaowaka upesi na kupoa polepole, na hujawahi kufundishwa kuupoza. Hukujichagulia kuwa hivyo. Lakini kazi ya kujifunza ni yako, hakuna atakayekufanyia.”

Tiba yenyewe ilikuwa na jina refu la hospitali, refu kama la mtu aliyebatizwa mara mbili. Mama aliiita “darasa”. Kila Alhamisi alikwenda kukaa na wenzake sita, wakafundishwa stadi kama mnavyofundishwa hesabu: namna ya kuitambua hisia na kuitaja jina kabla haijakupanda kichwani, namna ya kuivuka dhoruba bila kuiongezea upepo, namna ya kuomba jambo bila kupiga magoti na bila kupiga mtu. Alipewa daftari. Kila jioni aliandika hasira ilifika ngapi kati ya tano, huzuni ngapi, hamu ya kujiumiza ngapi, na alitumia stadi gani. Lile daftari la rula nililowakataza kulichorea ndilo hilo.

Stadi moja ilikuwa ya maji. Hisia zikifika nne au tano, ziba pumzi, tumbukiza uso kwenye maji baridi, hesabu polepole, inuka, pumua. Mwili unatulia kwanza, akili inafuata nyuma. Muuguzi alimpima moyo kabla ya kumruhusu, kwa hiyo Prosper usiende kujaribu kwenye pipa la mvua. Na alimwambia afanye mazoezi kila siku, hata akiwa na furaha, maana huwezi kujifunza kuogelea siku ya mafuriko.

Kwa hiyo Mama akatenga beseni la bluu nyuma ya jiko. Asubuhi akiamka, uso ndani. Kina mama walikuja kumchungulia.

“Leo nani kamuudhi?”

“Hakuna. Anafanya mazoezi.”

“Mazoezi ya kukasirika? Mbona mimi nayaweza bila maji!”

Bibi Leokadia ndiye aliyewanyamazisha. Akaokota ukindu mkavu akaukunja mbele yao. Ukavunjika, tak. Akatoa mwingine uliolowekwa, akaukunja, ukalala kama utepe.

“Mwaka wa ngapi mnasuka hapa? Ukindu haukunjwi mkavu. Nanyi mlitaka kumkunja mtoto huyu akiwa mkavu. Mwacheni alowe.”

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Ingeishia hapo tungesema methali ni nzuri, tukalale. Lakini Mama yenu akifundishwa kitu, anakifanya kupita kiasi. Akanogewa na beseni. Akiulizwa kwa nini ukili wake, ule utepe wa kuungia mkeka, haujaisha, yuko kwenye beseni. Yule mwenzake aliyemtania alipokuja kuomba radhi, Mama akakimbilia kwenye beseni, akakaa huko hadi mgeni akachoka akaenda zake. Hakuvunja kitu, ni kweli. Lakini hakusema kitu pia. Daftari lilikuwa na hasira moja, huzuni moja, na hakuna mtu aliyezungumza naye wiki mbili.

Siku moja Bibi Leokadia alimwita, akamwonesha fungu la ukindu alilolisahau majini siku tano. Lilikuwa na ukungu mweusi, linanuka kama soksi za Prosper.

“Nani amesuka mkeka majini, Desideria?”

Mama alilia. Alhamisi akampelekea muuguzi maneno yale, na muuguzi akayaandika ubaoni.

Miaka miwili ilipita hivyo. Ndipo Bibi Rozina akakubali kikao. Akaja Jumapili baada ya misa, yeye na baba mkubwa Gervas, kaka yake marehemu baba. Mimi wakaniweka kwenye kigoda karibu na mlango, miaka saba, meno ya mbele hayapo. Kilichokuwa kinaamuliwa ni mimi: nirudi kwa mama yangu, au nikulie kwa bibi moja kwa moja.

Mambo yalianza vizuri, chai ikanyweka. Kisha Bibi Rozina akaweka kikombe chini.

“Nitasema wazi. Nilimkuta mtoto huyu chini ya kitanda, amejikojolea kwa hofu. Mpaka leo mlango ukibamizwa anatetemeka. Nimrudishe hapo kwa sababu mama yake amekwenda darasani?”

Niliona mishipa ikimtoka Mama shingoni. Mikono ikashika ukingo wa meza. Bibi Leokadia akasogeza birika mbali taratibu.

“Mama,” Mama akamwambia Bibi Rozina, “naomba dakika mbili. Narudi.”

“Umeona?” Bibi Rozina akamgeukia Gervas. “Anakimbia.”

“Sikimbii. Narudi.”

Akatoka. Tukasikia maji yakiruka nyuma ya jiko.

Sasa, jambo ambalo Mama hakulijua ni kwamba Jumamosi ile Bibi Leokadia alitia ukindu rangi ya zambarau, akakosa chombo cha kuusuuzia, akachukua beseni la bluu, na maji ya rangi akayaacha humo. Na mtu aliyefumba macho kwa hasira haangalii rangi ya maji.

Mama akaingia. Kuanzia nywele hadi kidevuni, zambarau. Masikio yote mawili. Tone moja likaning'inia puani. Yeye mwenyewe hana habari, amesimama mlangoni kwa heshima zote, tayari kwa kikao.

Ndipo mimi, Gaudensia, mwenye akili nyingi tangu utotoni, nikapiga kelele:

“Mama umekuwa bilinganya!”

Baba mkubwa Gervas akacheka hadi chai ikamtoka puani. Kisha akakumbuka alipo, akanyamaza ghafla. Wote wakamtazama Mama. Maana kila aliyekuwa pale alijua mkeka wa harusi ulikatwa kwa kicheko kidogo kuliko hicho. Mama akajigusa shavu, akatazama kiganja chake. Nami nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka saba, kwamba huenda nimejifungia mlango mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikateremka kwenye kigoda, nikaanza kutafuta kitanda cha kuingia chini yake.

“Gau,” Mama akaniita. “Baki hapo mwanangu. Hujakosea. Ni kweli nimekuwa bilinganya.”

Akatazama nje, kule kwenye beseni. Nilimwona akilitazama. Halafu akavuta kiti akaketi, akaweka mikono mapajani, viganja vimefunguka.

“Naona aibu,” akasema. “Iko hapa kooni, ni nne kati ya tano. Lakini nitasema nikiwa nayo hivihivi. Mama, ulilosema ni kweli. Alijificha kwa sababu yangu. Sitalipinga wala kulipunguza. Na hili nalo ni kweli, kwamba mimi wa leo si yule wa siku ile. Yote mawili ni kweli. Ninaomba mtoto aje Jumamosi, alale hapa, Jumapili nimrudishe. Tuanze hivyo.”

Bibi Rozina akavitazama viganja vile. Naye alikuwa msusi wa mikeka, vidole vyake vilikuwa vinatembea hewani kana kwamba vinatafuta chane za ukindu.

“Na siku ukishindwa?”

“Ipo siku nitashindwa. Nikiona inakuja, nitamleta kwako kwa miguu yangu kabla haijafika.”

“Mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

Bibi Rozina akainuka. Akatoa ncha ya khanga, akaitia mate, akaanza kumfuta Mama shavu kama anavyofutwa mtoto kabla ya kwenda kanisani. Rangi haikutoka hata kidogo.

“Leokadia,” akasema huku anasugua, “huwa unawaambia wasichana wako ukindu haukunjwi mkavu. Malizia basi. Wala hausukwi majini. Huyu amelowa, na ametoka majini mwenyewe. Mtoto atakuja Jumamosi.”

Kina mama waliokuwa wakisikiliza nyuma ya ukuta (walikuwepo, usiniulize) wakaibeba kauli hiyo hadi kisimani, kutoka kisimani ikafika sokoni, na leo hata madiwani wanaisema bila kujua kwamba ina uso wa zambarau.

Jumamosi zikaongezeka, hadi nikahamia kwake kabisa. Je, alishindwa tena? Alishindwa. Mara mbili mwaka ule alinishika mkono saa saba mchana, jua la utosi, tukatembea kimya hadi kwa Bibi Rozina. Mlangoni anasema, “Mama, leo ni tano. Kaa naye.” Bibi ananipokea, hamuulizi neno, anampa maji ya kunywa. Kesho yake Mama anakuja kunichukua. Watu huhesabu siku hizo kama siku za kuanguka. Kwangu mimi ndizo siku nilizoacha kuingia chini ya kitanda.

Kwa hiyo Imakulata, jana Mama hakukunyang'anya simu kwa sababu hukuwa na haki ya kukasirika. Editruda alisema siri yako mbele ya kwaya nzima, hata mimi ningetafuta fimbo. Alikuona mkavu tu. Ungejikunja, ungevunjika, na ule ujumbe usingerudi. Umelia, umenawa, umelala. Vizuri. Lakini hiyo shuka uliyojifunika tangu asubuhi, mdogo wangu, ndiyo beseni. Na imeanza kunuka.

Eh, mchi umenyamaza tena. Mama, nimeongeza chumvi wapi?

“Masikio,” Mama anasema kutoka mlangoni, unga wa karanga mikononi. “Lilikuwa sikio moja.”

“Yote mawili, Mama. Siku nne hayakutoka. Ulikwenda nayo misa ya katikati ya wiki.”

Mama anacheka hadi anaegemea mlango. Kisha anamtazama Imakulata, ambaye amekwisha kukaa kitandani na anatafuta kandambili kwa mguu.

“Ni ngapi sasa?” Mama anamuuliza.

Imakulata anafikiri. “Tatu.”

“Tatu inatembea. Nikusindikize?”

“Hadi kwenye mwembe wa kina Editruda tu. Pale nitaingia mwenyewe.”

Mama anafuta mikono kwenye khanga, wanatoka. Prosper ananong'ona kwamba sasa ameelewa, na anaisema yote kwa mara ya kwanza bila kubabaika: ukindu haukunjwi mkavu, wala hausukwi majini.