Pampu ya Sungura na Tumbo la Fisi

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Maji yalipatikana kisimani tu, na kisima chenyewe kilikuwa kirefu. Fisi, mwenye mataya ya nguvu, ndiye aliyevuta ndoo ya ngozi kwa kamba, na kila aliyetaka kunywa alimkabidhi kwanza chakula chake. Fisi akanenepa, wenzake wakakonda.

Sungura alichoka. Akaenda na Punda kwenye shamba lililohamwa, wakarudi wakikokota pampu ya mkono. Akaifunga kisimani, akauning'inia mpini, na maji yakaruka pwaa! Wanyama wakacheza ngoma.

Fisi peke yake alinuna. "Mfalme," alimnong'oneza Simba, "babu zako walikunywa ndooni. Leo wewe unyweshwe na chuma? Kitakinywa kisima chote hicho!"

Simba, kwa majivuno yake, akatikisa manyoya ya shingo. "Kikikosea mara moja tu, nitakitupa korongoni, na Sungura nyuma yake."

Kesho yake pampu ikagoma. Mpini ulipanda na kushuka, hata tone halikutoka. Sungura akamgeukia Simba.

"Nipe nafasi niifungue, Mfalme."

Akalegeza nati, akachungulia. Kile kipande cha ngozi kinachosukuma maji juu hakikuwemo, na kwenye chuma palikuwa na alama za meno. Sungura almanusura acheke.

"Jamani," akasema kwa sauti ya msiba, "nani kaiona ngozi ya humu ndani? Niliipaka dawa ya panya. Aliyeila asipotapika sasa hivi, itabidi tumzike."

Kisha Fisi akashika tumbo.

"Eti, ndugu Sungura... na kama mtu kaonja kidogo tu?"

"Kidogo kiasi gani, Bwana Fisi?"

"Yote!" Fisi akalia, akajitia ukucha kooni.

Wanyama wakaangua kicheko mpaka Punda akakaa chini. Dawa ya panya haikuwapo kabisa. Sungura akakata kipande kwenye ukingo wa ile ndoo kuukuu, akakipachika, na maji yakaruka tena.

Simba akanywa wa kwanza. "Nilijua tangu mwanzo kuwa ni kitu kizuri," akasema, na hakuna aliyembishia. Fisi akaamriwa kusukuma mpini mpaka mvua inyeshe. Na tangu hapo, mnyama akisimama kukipinga kitu kipya, wenzake humuuliza kwanza: "Kwani wewe kinakunyima nini?"